Babu Yangu Hakupiga Teke Ndoo

Mwaka 2005 nilikuwa kidato cha kwanza kwenye shule moja ya kata huku Temeke. Mwalimu wa Kiingereza alitupa kazi ya kuandika insha fupi kuhusu siku ambayo hatutaisahau. Mimi niliandika msiba wa babu, baba yake mama, aliyefariki mwaka uliotangulia. Nilipata 17 kwa 20. Mwalimu alipiga mistari myekundu penye vitenzi nilivyokosea, lakini kando ya sentensi moja aliweka tiki kubwa, tena akaandika "Good". Sentensi yenyewe ilisema kwamba babu yangu "kicked the bucket" alfajiri ya Jumatatu.

Nahau hiyo niliitoa kwenye orodha. Aliyesoma sekondari zetu anaijua orodha ninayoisema. Ni karatasi ya fotokopi iliyofifia, au kiranja mwenye mwandiko mzuri anainakili ubaoni nanyi mnafuata. Kushoto nahau ya Kiingereza, katikati alama ya sawasawa, kulia maana yake. "A piece of cake", jambo rahisi. "Raining cats and dogs", mvua kubwa. "Spill the beans", kutoa siri. "Kick the bucket", kufa. Unakariri 50, Ijumaa kuna jaribio. Na tulikariri kweli, maana miezi michache nyuma tulikuwa darasa la saba tukisoma kila somo kwa Kiswahili, na sasa ghafla baiolojia, historia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza. Aliyeweza kuchomeka nahau mbili kwenye insha alionekana ameshavuka mto. Wengine walibaki ng'ambo wakimtazama.

Nilikuja kujua nilichofanya nikiwa chuo kikuu, mwaka wa pili. Mwenzetu mmoja alikuwa anawasilisha kazi yake mbele ya darasa, akaitumia nahau ileile kwa mhusika wa riwaya aliyekufa kifo kibaya. Mhadhiri akacheka kwanza, halafu akaeleza kwa upole: hiyo ni lugha ya utani. Mwingereza anaweza kuisema akiwa baa na rafiki zake, au kuhusu redio iliyozimika isiwake tena, lakini haendi nayo msibani.

Nilikaa kimya kwenye kiti changu. Jaribu kupata picha: turubai limefungwa uwani, wanaume wako kwenye mabenchi, akina mama wako ndani kwenye mikeka, halafu mjukuu wa marehemu anasimama mbele ya watu anasema, "Jamani, mzee kadedi." Hicho ndicho nilichokiandika, kwa Kiingereza, kuhusu mtu aliyenifundisha kusoma saa na kufunga kamba za viatu. Na nikapewa tiki.

Sikuja hapa kumlaumu mwalimu. Naye orodha ile aliirithi kwa waliomfundisha. Nimekileta kisa hiki kwa sababu nataka tuisome orodha kama tunavyosoma maandishi mengine: inasema nini, inaficha nini, na imewafanya nini watu kama mimi ambao leo tunaandika kwa Kiswahili tukilipwa mshahara.

Kitu cha kwanza ni kwamba orodha haina watu ndani yake. Nahau ni maneno ambayo mtu fulani alimwambia mtu fulani, kwa sauti fulani. Ukiwaondoa watu, unabaki na maana kavu. Hebu chukua Kiswahili chetu: kufa, kufariki, kuaga dunia, kutangulia mbele za haki, kukata kamba, kudedi. Kwenye orodha yote haya yangepata alama moja ya sawasawa. Lakini mtoto wa Mbagala wa miaka minane anajua lipi la kumwambia mjane na lipi la kumwambia mwenzake wanapomkuta panya kalala chali mtaroni. Hakukariri popote. Amekaa misibani na amekaa mtaroni.

Kitu cha pili, orodha haina mahali. Kila nahau ni picha, na picha ilipigwa sehemu. "Beat about the bush" ilitoka kwa wawindaji wa ndege: kuna watu kazi yao ilikuwa kupiga vichaka ili ndege waruke, na anayezunguka akipigapiga pembeni bado hajalifikia windo. "Throw in the towel" ilitoka ulingoni: bondia anapokung'utwa kupita kiasi, watu wa kona yake wanarusha taulo ili pambano lisimamishwe. "Think outside the box" watu wengi huirudisha kwenye fumbo la nukta tisa, zile zilizopangwa tatu tatu, ambazo unatakiwa uziunganishe zote kwa mistari minne bila kuinua kalamu. Huwezi mpaka mstari utoke nje ya mraba. Ukiijua picha, nahau unaielewa hata kama hukuambiwa maana. Ukinyimwa picha, unabaki kukariri kama namba ya simu.

Sasa, orodha ile haikubaki sekondari. Imekua, imeajiriwa, imehamia kwenye vyumba vya habari, na siku hizi inaongea Kiswahili. Fungua redio asubuhi, sikiliza mchambuzi wa mpira, mkurugenzi, mbunge, mtangazaji: "Mwisho wa siku." "Tuwe kwenye ukurasa mmoja." "Vijana wafikiri nje ya boksi." "Mpira uko kwenye uwanja wenu." Maneno yote ni ya Kiswahili, na sarufi haina kosa. Lakini msikilizaji anayetaka kujua kilichosemwa inabidi kwanza akirudishe kwenye Kiingereza, na kama Kiingereza hana, ndiyo basi tena.

Najua inavyotokea kwa sababu ni kazi yangu. Taarifa inakuja kwa Kiingereza, au ofisa anaongea nusu kwa nusu, na wewe una dakika 20 kabla ukurasa haujafungwa. Unatafsiri neno kwa neno kwa sababu mkono unawahi kuliko kichwa. Kila chumba cha habari cha Kiswahili kinachopokea habari za Kiingereza kina hatari hiyo. Na si jambo la juzi: Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, kwa hiyo wenzetu wamekuwa wakipambana na dakika hizo 20 tangu kabla ya Uhuru.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika habari ya watu wa mtaa mmoja pembezoni mwa Temeke waliokuwa wanasubiri fidia ya viwanja vyao. Ofisa mmoja alinieleza kwamba ofisi yake imeshamaliza sehemu yake, sasa kila mkazi apeleke nakala za hati zake na namba ya akaunti ndani ya siku 14. Akahitimisha kwa Kiingereza kwamba mpira sasa uko kwenye uwanja wao. Nikaipenda kauli ile. Nikaiweka juu kabisa: "Mpira sasa uko kwenye uwanja wa wananchi." Habari ya nakala na siku 14 niliiweka aya ya mwisho. Nafasi ikawa finyu, aya ya mwisho ikakatwa. Gazeti likatoka.

Baada ya wiki sita nilirudi kule kufuatilia. Kwenye kijiwe cha kahawa kulikuwa na mzee mmoja ana gazeti langu, amelikunja mara nne kama barua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama ni mimi niliyeandika. Nikasema ni mimi, mzee wangu.

"Wewe si ulituandikia mpira uko kwenye uwanja wetu?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mwanangu, mpira ukiwa kwenye uwanja wako unafanyaje? Si unazuia? Sisi tukazuia. Hati zote tukazificha ndani. Walivyokuja kuulizia, hatukutoa hata karatasi."

Nilitaka kucheka, nikaona wenzake hawacheki. Alikuwa ameisoma sentensi yangu vizuri kuliko nilivyoiandika. Nahau ile ya Kiingereza imetoka kwenye tenisi. Kwenye tenisi, mpira ukiangukia upande wako ni zamu yako kupiga. Lakini Dar es Salaam tenisi ni mchezo wa Gymkhana, sehemu ambayo wengi wetu tunaipita tukiwa kwenye daladala. Mpira wetu sisi ni wa miguu, na kwenye mpira wa miguu, mpira ukiwa kwenye nusu yenu mnashambuliwa. Unarudi nyuma, unakaba, unabutua. Niliwaambia watu wale wachangamke, wao wakasikia wajilinde. Waliowahi walilipwa kwenye awamu ya kwanza. Mzee na majirani zake wakasukumwa awamu ya pili, na awamu ya pili ilichukua miezi mingi.

Kwa Kiswahili cha kawaida ningeandika: "Sasa kazi ni kwenu." Maneno manne. Au ningetaja siku 14 kwenye sentensi ya kwanza, nisahau madoido.

Naomba nisieleweke vibaya. Kuna watu wakisikia maneno haya wanadhani naandaa mkutano wa kukisafisha Kiswahili, tutoe kila cha Kiingereza tubaki na chetu. Hicho chetu ni kipi? Lugha hii imekula Kiarabu, Kireno, Kihindi, Kijerumani na Kiingereza, na bado inaongeza sahani. Tunasema mtu "amenawa mikono" kwenye jambo, na picha hiyo ni ya Pilato kwenye Injili. Tunasema "machozi ya mamba", na simulizi ya mamba anayelia huku anatafuna ilivuma Ulaya karne nyingi zilizopita. Watoto wanasema "kuua ndege wawili kwa jiwe moja" na hakuna anayehitaji kuelezwa, kwa sababu kila mtaa una mtoto mwenye manati. "Kurusha taulo" nayo sina ugomvi nayo hata kidogo. Temeke na Manzese ngumi ni kitu cha nyumbani, watu wameona taulo likiruka kwa macho yao. Nahau imevuka bahari ikakuta ulingo unaisubiri.

Kwa hiyo kipimo changu si nahau imetoka wapi. Nauliza kama picha yake ina mahali pa kusimama hapa. "Fikiri nje ya boksi" nimewahi kuisikia kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo. Mkufunzi aliirudia kama mara sita. Mbele yake walikaa watu ambao biashara yao nzima ni boksi: analifungua asubuhi, analigeuza meza, anapanga soksi na chaja za simu juu yake, mgambo wakitokea analikunja na kukimbia. Nje ya boksi hana kitu. Nilimwona dada mmoja anaandika kauli hiyo kwenye daftari kwa mwandiko wa kukariri, nikaikumbuka orodha yangu ya kidato cha kwanza.

Kama kuna mtu aliyekutana na tatizo hili kwa ukubwa wake wote, ni Mwalimu Nyerere. Alitafsiri *Julius Caesar* ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963, akairudia na kuitoa upya 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Mwaka huohuo ikatoka *Mabepari wa Venisi*. Tunapozitaja tafsiri hizi huwa tunasifia ushairi wake, na ni haki yake. Mimi navutiwa na kitu kingine. Tamthilia hizi mbili ni mashamba ya nahau. Mwingereza akisema jambo fulani kwake ni Kigiriki, yaani haelewi kitu, anarudia utani wa mhusika mmoja wa *Julius Caesar*. Akisema mtu anadai ratili yake ya nyama, yaani anadai haki yake bila huruma hata ikimuumiza mwenzake, anamtaja Shylock bila kujua. Na msemo kwamba si kila king'aacho ni dhahabu, ambao sisi tumeshaufanya methali na tunaufundisha shuleni kama wa kwetu, ulikuwepo Ulaya kabla ya Shakespeare, lakini tamthilia hiyo ya Venisi ndiyo iliyoupa umaarufu.

Ukisoma tamthilia unagundua kwamba mle ndani maneno hayo hayakuwa nahau bado. Ratili ile ni nyama kweli, ya kifuani mwa mtu, imeandikwa kwenye mkataba, na kisu kinanolewa mahakamani. Kigiriki kile ni Kigiriki kweli, kwa sababu Cicero alikuwa anaongea Kigiriki mbele ya watu. Nahau ni tamthilia iliyosahauliwa. Kwa hiyo Nyerere alikuwa na bahati ambayo mwandishi wa habari hana: alikuwa na jukwaa zima la kuonyesha picha, hivyo ratili ingeweza kubaki ratili. Mimi nikiandika kesho kwamba benki fulani inataka ratili yake ya nyama, msomaji wa Tandika atadhani tunaongelea bucha.

Na tazama jina lile, *Mabepari wa Venisi*. Neno la kamusi lingekuwa mfanyabiashara, tena mmoja. Yeye akachagua mabepari, wengi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Unaweza kubishana naye. Wapo wanaoona amemvalisha Antonio shati ambalo si saizi yake. Ila huwezi kusema alitafsiri usingizini. Alijiuliza: hapa kwetu, mwaka huu, watu hawa tungewaitaje?

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa vitabu viwili vya Chinua Achebe. *Things Fall Apart* ilitafsiriwa na Clement Ndulute, ikaitwa *Shujaa Okonkwo*. *No Longer at Ease* ikaitwa *Hamkani si Shwari Tena*. Majina yote mawili ya Kiingereza Achebe aliyachota kwenye mashairi ya watu wa Ulaya, Yeats na Eliot. Ni mwangwi, na msomaji wa Kiingereza aliyesoma mashairi hayo anausikia. Msomaji wa Kiswahili hausikii. Ungefanyaje? Wa kwanza aliuacha mwangwi, akamtaja mtu: Okonkwo, shujaa. Ni njia ya heshima, haidanganyi, ingawa jina limekuwa jepesi, kwa sababu kitabu kinahusu kusambaratika na jina linahusu ushujaa. Wa pili alishuka pwani. Hamkani ni vurumai, shwari ni bahari iliyotulia. Mtu yeyote aliyewahi kupanda ngalawa au hata pantoni ya Kigamboni siku ya upepo anaelewa kabla hajafungua ukurasa. Eliot kapotea, lakini mahali pake pamekaa bahari. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya majina bora ya tafsiri tuliyonayo, na silioni likitajwa vya kutosha.

Turudi sasa kwenye ile orodha, tujaribu kuijaza kwa namna hiyo.

"Spill the beans." Mwingereza anamwaga maharage. Sisi tuna kumwaga mtama penye kuku wengi. Zipime. Ya kwao inasema kitu kimemwagika. Ya kwetu inasema nani yuko pale anasubiri kudonoa, na kwamba ukishamwaga huokoti tena hata punje moja. Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga vyumba sita anajua kuku ni akina nani.

"A piece of cake." Keki haijawahi kuwa alama ya wepesi kwetu, keki ni ya harusi na kipaimara, na huwa inagombewa. Sisi tunasema rahisi kama kumsukuma mlevi. Kauli hiyo ina ukatili kidogo, ina kicheko, na ina mtaa mzima ndani yake.

"The tip of the iceberg." Hii ndiyo inayonichosha. Nimeona watu wakihangaika na ncha ya jiwe la barafu katika jiji ambalo barafu ni kile kinywaji kilichogandishwa kwenye nailoni, unakinunua kwa mtoto mwenye kindoo. Wakati tunayo "hicho cha mtoto". Tunayo "hizo rasharasha tu, mvua yenyewe bado". Mtu wa bondeni Jangwani anayeziangalia rasharasha za Machi anajua uzito wa kauli hiyo kuliko nahodha wa meli ya barafuni.

"Beat about the bush." Hapa kuna shimo, tena lenye maji. Mwandishi chipukizi mmoja alitaka kusema kiongozi fulani alikuwa anakwepa swali, akaona aifanye nahau iwe ya Kiafrika. Akaandika kwamba kiongozi "alizunguka mbuyu". Bahati nzuri mhariri alikuwa macho. Kwa Kiswahili chetu kuzunguka mbuyu ni mambo ya rushwa. Kichaka kimekuwa mti, na swali lililokwepwa limekuwa kosa la jinai. Angeandika tu kwamba alimung'unya maneno, angelala salama.

Halafu kuna "mwisho wa siku". Hapa lazima nikiri jambo. Nilipoanza kupanga makala haya nilikusudia kuichinja. Tunayo "hatimaye", tunayo "mwishowe", tunayo ile tamu kuliko zote, "yote tisa, kumi…", ambayo inakuhesabia hoja zote halafu inakubakishia moja nzito. Kwa nini tukope nyingine?

Lakini wiki iliyopita nilipanda bodaboda kutoka Rangi Tatu kwenda Chamazi. Dereva alikuwa analalamikia mafuta, foleni na abiria wanaopunguza bei njiani. Akamaliza: "Ila mwisho wa siku, bosi anataka hesabu yake." Nikamuuliza ana maana ya jioni au ana maana ya yote kwa yote. Akageuka nusu, akaniangalia kama mtu asiyejua maisha. "Kwani kuna tofauti, braza?"

Kwake haipo. Anayeishi kwa hesabu ya kila siku, jioni ndiyo mahali ambapo kila hoja inaishia. Dereva wa daladala, mama lishe, fundi wa kuitwa, wote siku yao ina mwisho wenye namba. Mwingereza wa ofisini akisema maneno hayo hafikirii kuzama kwa jua wala fedha ya mtu mwingine iliyo mfukoni mwake. Dereva wangu anafikiria vyote viwili. Ameipokea nahau ya watu akaipa kazi ambayo kwao ilishaiacha. Kwa hiyo hiyo nimeiachia. Mkurugenzi akiisema bado nakunja uso. Bodaboda akiisema natoa kalamu.

Pengine hapo ndipo hoja yangu ilipo. Nahau haihami kwa kutafsiriwa. Inahama mtu anapoitumia kubeba kitu chake mwenyewe. Orodha haiwezi kumfanyia mtu kazi hiyo, na mwandishi mwenye dakika 20 anayenakili picha asiyoiona hawezi pia. Hasara yake ni ya kweli. Kuna mzee alificha hati zake za kiwanja kwa sababu mimi nilitaka sentensi inayong'aa.

Ningekuwa mwalimu wa kidato cha kwanza leo, orodha nisingeichana. Ningeiongezea safu. Nani anaisema? Anamwambia nani? Amesimama wapi? Na mwisho: hapa kwetu, mtu aliyesimama mahali kama hapo angesemaje? Nahau kumi kwa muhula zingetosha. Watoto wangebishana darasa zima, na wangejifunza Kiingereza kuliko tulivyojifunza sisi kwa 50 za wiki.

Daftari langu la insha bado lipo. Mama analo, liko kwenye sanduku pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Siku niliyolileta nyumbani na zile alama 17 alilifungua, akaona tiki kubwa. Yeye Kiingereza hakusoma. Akaniuliza, hapa mwalimu alipofurahi uliandika nini? Nikamwambia ni pale nilipoeleza habari za babu. Akaniambia nimsomee kwa Kiswahili.

Nilikuwa na miaka 14, na sikujua chochote kuhusu lugha ya utani ya Waingereza. Lakini nilikuwa naongea na mama kuhusu baba yake. Nikaweka kidole chini ya sentensi, nikamsomea: "Babu alitangulia mbele za haki alfajiri ya Jumatatu."

Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Umeandika vizuri."